Saa Ipo, Kazi Iko Kwenye Mizani: Kwasari Pacha na Kasi ya Kupanuka kwa Ulimwengu

Mwishoni mwa Desemba 1994, kwasari moja (kiini king'aacho mno cha galaksi ya mbali) iliyo upande wa kundinyota la Dubu Mkubwa ilififia ghafla kwa karibu sehemu moja ya kumi ya mwanga wake. Kwasari hiyo ina kioja: huonekana mara mbili. Angani ni pacha, A na B, waliokaa karibu mno, na siku hiyo aliyefifia ni A peke yake. B alibaki aking'aa kana kwamba hayamhusu.

Tomislav Kundić na wenzake walikuwa wakiwapiga picha pacha hao usiku baada ya usiku kwa darubini ya Apache Point, New Mexico. Wakafanya jambo ambalo wanasayansi wengi hulikwepa: wakachapisha utabiri mapema, hadharani. B naye atafifia, tena kwa mtindo uleule. Lini? Hapo palikuwa na kambi mbili zilizobishana kwa miaka. Moja ilisema Februari 1996, nyingine ikasema ngojeni Juni.

B alififia Februari.

Hawakupiga ramli. A na B ni taa moja. Mwanga wake umetufikia kwa njia mbili, na njia moja inachelewesha kuliko nyingine kwa siku 417. Huko kuchelewa, kukipimwa vizuri, kunaweza kutuambia ulimwengu unapanuka kwa kasi gani. Wazo hilo lilianza kama karatasi ya mwanafunzi, leo limo katikati ya ubishi mkubwa kuliko yote katika elimu ya falaki.

Namba moja, wenye nayo wawili

Edwin Hubble alichapisha vipimo vyake mwaka 1929. Georges Lemaître, padre wa Ubelgiji, alikuwa ameshalisema jambo hilo miaka miwili kabla, ila aliliandika kwa Kifaransa kwenye jarida lililosomwa na wachache. Jambo lenyewe ni kwamba galaksi zinatengana, na iliyo mbali zaidi inatukimbia kwa kasi zaidi. Kasi hiyo hujumlishwa katika namba moja, namba ya Hubble, na kizio chake humtisha mtu bure: kilomita kwa sekunde kwa kila megaparseki. Megaparseki ni miaka ya nuru milioni 3.26. Basi ukisikia 70, elewa kwamba galaksi iliyo umbali huo inatuacha kwa kilomita 70 kila sekunde, na iliyo mara mbili ya hapo inatuacha kwa 140. Hubble mwenyewe alipata karibu 500. Alikosea umbali, hakukosea wazo.

Leo kuna namba mbili. Satelaiti ya Planck ilisoma mnururisho uliobaki tangu ulimwengu ukiwa mchanga, na wataalamu wake wakapiga hesabu kutoka enzi hizo hadi sasa: 67.4, shaka yake nusu tu kila upande. Adam Riess na kundi lake wanapanda ngazi. Wanapima umbali wa nyota za karibu zinazopwita, ziitwazo Sefeidi, kwa hizo wanapima supanova, yaani nyota zinazolipuka, kwa supanova wanafika mbali. Wao wanasema 73, shaka yake 1. Kila mmoja amekagua kazi yake mara nyingi, na hakuna anayeshuka. Kama wote wako sahihi, basi kuna kitu kuhusu ulimwengu wenyewe ambacho hatujakielewa. Kama mmoja amekosea, hakuna aliyeonyesha kosa liko wapi.

Kesi ya namna hii inahitaji shahidi wa tatu asiye na undugu na upande wowote. Kwasari pacha hazitumii ngazi ya Riess wala hazianzii kwenye utoto wa ulimwengu kama Planck. Ndiyo maana watu wamezing'ang'ania.

Kitako cha glasi

Tafuta glasi yenye mguu, ile ya kunywea mvinyo au sharubati kwenye shughuli. Chora nukta nzito kwenye karatasi, weka kitako cha glasi juu yake, kisha tazama kupitia humo huku ukikisogeza polepole. Nukta itajivuta iwe upinde. Ukiiweka katikati kabisa itageuka pete, na ukikiinamisha au kukisogeza kidogo, pete inakatika na nukta moja inaonekana mahali pawili au zaidi. Karatasi haijabadilika. Kioo ndicho kinachopinda mwanga.

Galaksi nayo hufanya kazi hiyo, ila kioo chake ni uzito. Einstein alionyesha kwamba kitu kizito hupinda njia ya mwanga unaopita karibu yake. Mwaka 1919 Arthur Eddington alikwenda kisiwa cha Príncipe, huku kwetu Afrika upande wa magharibi, akapima wakati wa kupatwa kwa jua jinsi nyota zilizo nyuma ya jua zilivyoonekana kusogea mahali pake. Mwaka 1936 Einstein huyohuyo aliandika kwamba nyota moja kuwa lenzi ya nyota nyingine ni jambo ambalo hatuna tumaini la kulishuhudia. Fritz Zwicky akajibu mwaka uliofuata: achana na nyota, tazama galaksi nzima. Zwicky alijulikana kwa ukali wa ulimi, lakini hapa alikuwa sahihi kabisa.

Taa inayofaa kwa lenzi hiyo ni kwasari. Hiki ni kiini cha galaksi ya mbali, chenye shimo jeusi kubwa mno katikati, na gesi inayolizunguka kabla ya kumezwa huwaka kwa mwanga unaoishinda galaksi nzima. Mwanga huo haukai sawa. Hucheza kama koroboi penye upepo: leo umepanda, wiki ijayo umeshuka, bila mpangilio. Kutokuwa na mpangilio ndiyo faida yenyewe, kwa sababu mchezo ule hauwezi kujirudia kwa bahati. Ukiuona kwenye picha A, kisha ukauona uleule kwenye picha B, umeshapata alama ya kupimia muda.

Sasa, kwa nini B achelewe? Sababu ni mbili. Ya kwanza ni ya kawaida, njia moja ni ndefu kuliko nyingine. Ya pili ni ngeni kwa wengi: mwanga unaopita karibu zaidi na kitovu cha galaksi unapita penye mvutano mkubwa, na penye mvutano mkubwa saa hutembea polepole kwa jinsi tunavyoiona sisi tulio mbali. Irwin Shapiro ndiye aliyeonyesha mwaka 1964 kwamba ucheleweshaji huu unaweza kupimwa kwa rada hapa kwenye mfumo wa jua.

Tuipe siku 417 uzito wake. Mwanga wa kwasari ile umesafiri karibu miaka bilioni 9. Ni kana kwamba wasafiri wawili wametoka hapa kwenda mwezini, na mmoja akamzidi mwenzake kwa sentimita 5 hivi za njia. Sisi tunapima zile sentimita.

Ramani isiyo na skeli

Hapa ndipo kiini cha mambo kilipo, na hapa ndipo maelezo mengi hupita mbio.

Ukitazama picha za kwasari na galaksi iliyozipinda, unapata pembe tu. Unajua A iko pembe fulani kutoka katikati ya galaksi, B pembe fulani. Hujui kilomita. Ni kama kupewa ramani nzuri ya mji iliyokatwa pembeni, pale palipoandikwa skeli. Unaona barabara ya soko inazunguka, ya msikiti inanyooka, unaweza hata kusema ya kwanza ni ndefu kwa theluthi moja. Lakini mji wenyewe una ukubwa gani? Ramani haisemi.

Mtu akikuambia kwamba marafiki wawili walitoka pamoja kwa mwendo mmoja, mmoja kupitia soko na mwingine kupitia msikiti, na wa soko akafika dakika 12 baadaye, mambo yanafunguka. Mwendo unaujua, tofauti ya muda unaijua, kwa hiyo tofauti ya njia unaipata kwa mita. Tofauti hiyo ukiiweka juu ya ramani, skeli imerudi. Ramani nzima sasa ina vipimo.

Kwa kwasari, mwendo ni ule wa mwanga, na haubishaniwi. Siku zinahesabiwa kwa darubini. Zao lake ni umbali halisi kati yetu, galaksi-lenzi na kwasari. Kwa upande mwingine, rangi ya mwanga, jinsi ilivyosogea kuelekea wekundu, inasema ulimwengu umetanuka mara ngapi tangu mwanga ule uondoke. Umbali ukiuoanisha na mtanuko, namba ya Hubble inatoka.

Uhusiano wake ni wa kinyume: ulimwengu unaopanuka haraka una umbali mfupi kwa wekundu uleule, hivyo siku za kuchelewa hupungua. Chukua lenzi ambayo kwa namba 67 ingechelewesha picha kwa siku 100. Kwa namba 73 ingeichelewesha kwa siku 92. Ubishi wote wa Planck na Riess, kwenye lenzi hiyo, ni siku 8.

Sjur Refsdal wa Norway aliyaandika haya mwaka 1964, akiwa kijana asiyejulikana. Lenzi ya namna hiyo ilikuwa haijawahi kuonekana na mtu yeyote. Kwasari zenyewe zilikuwa zimetambuliwa mwaka mmoja tu nyuma yake, na mfano alioutumia ulikuwa supanova. Alisubiri miaka 15. Machi 1979, Dennis Walsh na Robert Carswell walielekeza darubini ya Kitt Peak, Arizona, kwenye nukta mbili za buluu zilizotengana kwa sekunde 6 za pembe, yaani upana wa sarafu ya sentimita 2.5 ukiitazama kutoka mita 860. Walipochambua mwanga, nukta zote mbili zilitoa alama zilezile, kwenye wekundu uleule. Wao na Ray Weymann wakahitimisha kwamba ni kitu kimoja.

Ndio hao pacha wa Dubu Mkubwa, Q0957+561.

Saa iliyokubalika, jibu lisilotosheka

Ungedhani kupima siku za kuchelewa ni kazi ya mwaka mmoja au miwili. Ilichukua zaidi ya miaka 15. Kwasari hufichwa na mchana kila mwaka kwa miezi kadhaa, mawingu nayo yana zamu yao, na data yenye mashimo humdanganya mtu. Kundi moja lilisoma data hiyo likapata siku 415 hivi, jingine likasoma data hiyohiyo likapata 536. Hesabu za takwimu zilitumwa huku na huku, kila upande ukiona upande wa pili haujui kujumlisha. Kilichomaliza ugomvi ni kule kufifia kwa A, na B kufuata Februari 1996. Matokeo ya 1997 yalisema siku 417, shaka yake 3. Ni chini ya asilimia moja.

Na namba ya Hubble iliyotoka hapo? 64, shaka yake 13.

Soma tena hizo shaka mbili. Saa ina kosa chini ya asilimia 1, jibu lina kosa la asilimia 20. Kosa lote lililobaki limetoka kwenye lenzi. Ramani ile ya mji unaichora kutokana na jinsi uzito ulivyotawanyika ndani ya galaksi, na sehemu kubwa ya uzito huo ni maada ya giza ambayo haionekani. Lenzi ya pacha hawa inakaa ndani ya kundi zima la galaksi, zote zikivuta, kwa hiyo kuichorea ramani ni taabu tupu. Kwa maoni yangu mwaka 1997 ndio unaogawa historia ya mbinu hii: kabla yake watu waligombania saa, baada yake wamegombania mizani.

Hiyo haina maana kwamba saa ilijiendesha yenyewe. Mwaka 2004 ulianza mpango wa COSMOGRAIL, ukiongozwa kutoka Uswisi na Frédéric Courbin. Chombo chake kikuu, darubini ya Euler huko La Silla, Chile, kina kioo cha mita 1.2 tu, kidogo kwa vipimo vya siku hizi. Faida yake ni kwamba waliweza kuitumia usiku baada ya usiku, mwaka baada ya mwaka, kuzitazama kwasari zilezile. Hata wanasayansi wakubwa hawapewi darubini kubwa kwa kazi ya namna hiyo. Palikuwa na kero moja zaidi: nyota zilizomo ndani ya galaksi-lenzi hupita mbele ya picha moja na kuiongezea mwanga kwa miezi, bila kuigusa nyingine. Ni kama nondo aliyeizunguka koroboi moja kati ya mbili. Miaka mingi ya data ndiyo inayomtenga nondo na mwali.

Juu ya msingi huo Sherry Suyu na wenzake walijenga mpango wa H0LiCOW, jina la kiutani ambalo Kiingereza pekee ndicho kinachoweza kulichekea. Walichagua zaidi kwasari zenye picha nne badala ya mbili, kwa sababu njia nne zinaibana ramani zaidi. Walitumia picha za darubini ya angani ya Hubble, ambamo galaksi inayobeba kwasari inaonekana imevutwa ikawa pete, na kila kipande cha pete kinaongeza ushahidi.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote katika kazi yao ni kufumba macho kwa makusudi. Katika uchambuzi wa lenzi zao nyingi, kompyuta iliwaonyesha matokeo yaliyosogezwa ili katikati yake isomeke sifuri. Waliona upana wa shaka, hawakuiona namba. Hakuna aliyeweza kusema "mbona 60, hebu tukague tena", huku 73 ikipita bila kukaguliwa. Wakishakubaliana kwamba kazi imekwisha, wanafunua, na kilichofunuliwa kinachapishwa kama kilivyo. Mwaka 2019 walijumlisha lenzi sita: 73.3, shaka chini ya 2. Shahidi wa tatu alikuwa amesimama upande wa Riess.

Bamba lisiloonekana

Furaha haikudumu, na wa kwanza kuitilia mashaka walikuwa miongoni mwa wenyewe. Hilo linastahili heshima.

Tatizo lilijulikana tangu 1985, lilipoandikwa na Falco, Gorenstein na Shapiro yuleyule. Chukua galaksi-lenzi. Punguza uzito wake kidogo, kisha fidia kwa kutandaza mbele ya picha nzima bamba jembamba la uzito uliolingana kila mahali. Picha zote zitabaki palepale, pete itabaki na umbo lilelile, uwiano wa mwanga hautabadilika. Kitakachobadilika ni ukubwa halisi wa kwasari na galaksi yake, na huo hatuujui kwa sababu hatujawahi kuiona bila lenzi. Kingine kitakachobadilika ni siku za kuchelewa.

Hilo la siku ndilo linalouma. Bamba la asilimia 8 linaweza kukupeleka kutoka 73 hadi 67, na ukitazama picha huoni tofauti yoyote. Bamba halihitaji kuwapo kweli: inatosha galaksi iwe imepanga maada yake ya giza tofauti kidogo na ulivyodhani.

H0LiCOW walikuwa wamechukua maumbo ya kawaida ya galaksi, yanayokubalika na wengi. Mwaka 2020 kundi lililorithi kazi yao, TDCOSMO, likiongozwa katika hesabu hiyo na Simon Birrer, liliondoa dhana hiyo likaacha data iseme. Lenzi saba zikatoa 74.5, lakini shaka ikafura ikawa karibu 6. Walipoongeza galaksi-lenzi nyingine zisizo na kwasari ili kujua galaksi kwa kawaida hupangikaje, namba ikashuka: 67.4, shaka yake 3 hadi 4. Shahidi hakubadili maneno. Aliulizwa kwa umakini zaidi, akakiri kwamba alipokuwa amesimama palikuwa na giza.

Njia ya kutokea ni kupima galaksi kwa mizani nyingine. Nyota zilizo ndani yake hukimbia huku na huku, na kasi yao hutegemea uzito halisi uliomo ndani, ambao bamba la nje haliwezi kuuiga. Kazi ni kuichambua nuru ya galaksi kipande kwa kipande, kutoka kitovuni hadi kandoni, na kusoma nyota zinakimbiaje kila mahali. Kwa galaksi iliyo mbali miaka ya nuru bilioni kadhaa hiyo ni kazi nzito, na ndiyo inayofanywa sasa kwa darubini za Keck huko Hawaii, VLT huko Chile na James Webb angani. Lenzi ya RXJ1131-1231, moja tu, ilipopimwa hivyo kwa Keck ilitoa 77, shaka yake 7. Mwaka 2025 TDCOSMO waliweka pamoja lenzi nane zenye vipimo vipya: takriban 72, shaka yake kama 4. Inaelekea kwa Riess, haimfungii Planck mlango.

Refsdal alifariki mwaka 2009. Miaka mitano baadaye Patrick Kelly aliikuta kwenye picha za Hubble supanova moja iliyoonekana mara nne kuizunguka galaksi moja iliyomo ndani ya kundi la galaksi, kama mzee alivyoandika mwaka 1964. Ikapewa jina la Refsdal. Mahesabu yalisema nuru yake itatokea mara nyingine pembeni, na Desemba 2015 ikatokea. Namba iliyotolewa kutokana nayo mwaka 2023 iko upande wa chini, kama 65 hadi 67, kwa shaka ya kama 4. Huo nao ni mzani mwingine, kundi zima la galaksi, wenye matatizo yake.

Kuna nyingine inayosubiriwa. Supanova iitwayo Requiem ilinaswa na Hubble mwaka 2016 ikiwa mara tatu, ikagunduliwa baadaye watu walipopekua picha za zamani. Picha ya nne iko njiani, imezungushwa na kundi la galaksi kwa miaka mingi. Kwa kuchelewa kwa miaka yote hiyo, kukosea wiki chache si kitu, saa haina ubishi. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2021 yalisema itafika mwaka 2037, ongeza au punguza miwili, na hiyo miwili ilitokana na mizani.